Kabla Hujalipia Spidi Zaidi, Hamisha Ruta Kwanza

Wi-Fi ikianza kusumbua kwa nyumba, wengi wetu tuna dawa moja tu: kupandisha kifurushi. Ulikuwa kwa megabiti 10, unaenda 20. Unalipa, unapata ujumbe wa kukushukuru, unarudi kitandani na simu yako, na video bado inazunguka tu. Sebuleni iko sawa. Jikoni iko hivi hivi. Chumba cha kulala, hakuna kitu.

Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme kifurushi kipya kimekuongezea shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hizo ni shilingi 12,000, na zinatoka polepole kiasi kwamba huzioni zikienda. Kama shida yako ilikuwa ukuta ulio kati ya ruta na kitanda, hizo 12,000 hazijagusa huo ukuta hata kidogo.

Kwa hivyo leo tunataka ujue mambo matatu: shida yako iko wapi hasa, unaweza kurekebisha nini bila kutoa hata shilingi moja, na ikibidi utoe pesa, uitoe wapi. Na kwa vile wengi wenu mnalipia karo, tokeni na bidhaa za biashara mkiwa kwa hiyo hiyo Wi-Fi, tutaongea pia kuhusu malipo yanayokwama katikati.

Intaneti ni moja, Wi-Fi ni nyingine

Tumezoea kusema "Wi-Fi imepotea" kwa kila shida. Lakini kuna safari mbili tofauti hapa.

Safari ya kwanza ni ya intaneti kufika kwako. Nyaya za chini ya bahari kama SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Kutoka pwani, nyaya za faiba zinapanda bara mpaka mjini kwenu, zinafika kwa mlingoti ulio nje ya ploti, halafu zinaingia kwa kile kiboksi kidogo ukutani. Hiyo safari ni ndefu ajabu, na ndiyo unayolipia kila mwezi.

Safari ya pili ni kutoka kwa ruta mpaka kwa simu yako. Hii ni fupi, mara nyingi haizidi mita kumi na tano, na inapita hewani kwa mawimbi ya redio. Hiyo ndiyo Wi-Fi.

Ni kama maji tu. Unaweza kuletewa bomba kubwa mpaka kwa mita, lakini kama mpira wa kupeleka maji jikoni umekunjika, jikoni utapata matone. Ukiongeza ukubwa wa bomba la nje, ule mpira bado umekunjika.

Shida ya safari ya kwanza inaonekanaje? Kumbuka Mei 2024, wakati nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika na intaneti ikawa nzito Kenya na kwa majirani zetu. Siku hizo hata ungelala ukikumbatia ruta, haingesaidia. Shida ya safari ya pili ni tofauti: ukisimama karibu na ruta kila kitu kinaenda mbio, ukiingia chumbani kinakufa. Hii ya pili ndiyo unaweza kuirekebisha mwenyewe.

Kipimo cha dakika kumi

Usikisie. Pima. Unahitaji simu moja na programu yoyote ya kupima spidi, na nyingi ni za bure.

1. Zima data ya simu kwanza. Hii watu husahau, halafu wanapima bando badala ya Wi-Fi.
2. Waambie watu wa nyumba wasimamishe video na michezo kwa dakika chache.
3. Simama mita mbili hivi kutoka kwa ruta, bila ukuta katikati. Pima mara tatu, andika namba.
4. Nenda pale panapokusumbua. Pima mara tatu tena kwa simu ile ile.
5. Rudia jioni, saa tatu usiku hivi, wakati mtaa wote uko mtandaoni.

Sasa soma majibu yako hivi.

Ukipata spidi nzuri karibu na ruta na mbovu chumbani, shida iko ndani ya nyumba. Tuseme unalipia Mbps 10, karibu na ruta unapata 9, kitandani unapata 1.5. Kupanda mpaka Mbps 20 kutabadilisha ile 9. Ile 1.5 itabaki pale pale, kwa sababu kinachoikaba ni njia ya kutoka sebuleni mpaka kitandani.

Ukipata spidi mbovu kila mahali, hata karibu na ruta, zima ruta, ngoja nusu dakika, iwashe, upime tena. Kama bado, hiyo ni shida ya safari ya kwanza. Angalia taa za kile kiboksi cha faiba. Ile yenye maandishi LOS ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga wa faiba haufiki kwako: pengine waya umekatika au umechomoka. Hapo usihangaike na mipangilio, piga simu kwa kampuni.

Ukipata spidi nzuri mchana na mbovu usiku tu, hata ukiwa karibu na ruta, msongamano unaweza kuwa kwa laini ya mtaa, ama pengine ni majirani wanaopigania mawimbi na wewe. Hilo la majirani tutalifikia.

Kitu kimoja zaidi kuhusu hizo namba. Spidi hupimwa kwa megabiti, lakini faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hivyo Mbps 10 inapakua takriban megabaiti 1.25 kwa sekunde, si 10. Hujaibiwa. Na kwa mizani tu: Netflix inapendekeza Mbps 5 kwa picha ya ubora wa 1080p. Kama kwa nyumba yenu mko wawili na mnaangalia kitu kimoja, Mbps 10 inayofika vizuri inawatosha kuliko Mbps 40 inayoishia kwa korido.

Nani anakula mawimbi yako?

Mawimbi ya Wi-Fi hudhoofika kadiri yanavyosafiri. Hata mahali wazi bila kizuizi, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo. Halafu ndani ya nyumba kuna vitu vinavyomalizia kazi:

- Kuta za mawe na zege. Nyumba zetu nyingi ni za mawe, na hapa ndipo ushauri wa kutoka nchi zenye kuta za mbao na ubao laini hutudanganya. Ukuta mmoja wa mawe unakula sana. Kuta mbili, hapo tunaanza kuomba. Slabu ya zege yenye vyuma kati ya ghorofa na ghorofa ni mbaya zaidi.
- Chuma na mabati. Haya hayanyonyi tu, yanarudisha mawimbi yalikotoka. Friji, kabati ya chuma, mlango wa chuma, yote ni ngao.
- Vioo vikubwa. Nyuma ya kioo cha kujitazamia kuna utando wa madini, na huo huzuia mawimbi.
- Maji. Tangi ama mtungi mkubwa uliojaa maji ukiwa katikati ya njia hunyonya mawimbi vizuri sana.
- Maikrowevu. Hupika kwa masafa ya karibu gigahezi 2.4, ambayo pia hutumiwa na Wi-Fi. Ikiwaka, Wi-Fi iliyo karibu inaweza kuyumba mpaka chakula kipate moto.

Na hiyo gigahezi ni nini? Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili. Ya 2.4 husafiri mbali na kupenya kuta vizuri kidogo, lakini spidi yake ni ndogo na imejaa majirani. Ya 5 ni ya mbio, lakini ukuta ukitokea inachoka haraka. Kwa hivyo: sebuleni karibu na ruta, TV na laptopu ziweke kwa 5. Chumba cha mwisho, jaribu 2.4.

Hapa kuna mkanganyiko mmoja tunaouona kila mara. Ukiona jina la Wi-Fi yako likiishia na "5G", hiyo si ile 5G ya mitandao ya simu. Ni gigahezi 5 tu. Huhitaji simu ya 5G kuitumia, na haimaanishi umeunganishiwa kitu kipya. Na kama simu yako ya zamani haioni hilo jina kabisa, haijaharibika. Imeundwa kwa 2.4 peke yake.

Hamisha ruta: ni bure na ndiyo tiba kubwa

Fikiria siku fundi alipokuja kukuunganishia. Aliweka ruta wapi? Karibu kila mara ni pale waya ulipoingilia: kando ya dirisha, nyuma ya TV, ama kona ya sebule chini kabisa. Kwake hapo ni sawa, waya ni mfupi na kazi imeisha. Lakini ruta husambaza mawimbi pande zote. Ukiiweka kwa ukuta wa nje, karibu nusu ya unacholipia kinaenda kwa barabara na kwa jirani.

Mahali pazuri pana sifa nne:

Katikati. Si katikati kwa futi kamili, bali katikati ya pale mnapotumia. Kama kazi hufanywa chumbani na watoto husomea mezani, ruta ikae kati ya hizo sehemu mbili. Korido mara nyingi ndiyo mahali pazuri kwa sababu milango yote inafunguka huko, na mawimbi hupenda milango kuliko kuta.

Juu. Kimo cha mtu mzima kinatosha, mita moja na nusu mpaka mbili. Sakafuni mawimbi yanagonga viti, meza na miguu ya watu.

Wazi. Itoe kwa kabati. Itoe nyuma ya TV, kwa sababu nyuma ya TV kuna bamba la chuma. Ndiyo, tunajua haipendezi kuonekana. Lakini umelipia mawimbi, hukulipia pambo.

Antena wima. Kama ruta ina antena za nje, mawimbi hutoka kwa ubavu wa antena, si kwa ncha. Usielekeze ncha kwa chumba ukidhani unakilenga. Nyumba ya chini moja, zisimamishe. Nyumba ya ghorofa, moja isimamishe na nyingine uilaze, ili moja ihudumie ghorofa uliyoko na nyingine ijaribu kupanda juu.

Sasa, waya ukiwa mfupi? Angalia kama kiboksi cha faiba na ruta ni vitu viwili. Kama ni viwili, kinachoviunganisha ni kebo ya kawaida ya mtandao. Nunua ndefu zaidi uhamishe ruta pekee. Kebo hiyo hufanya kazi vizuri mpaka mita 100, kwa hivyo kwa nyumba hutakosa. Kama ni kifaa kimoja, muulize fundi wa kampuni kuhusu kukihamisha na gharama yake kabla hajakuja.

Tafadhali usivute mwenyewe ule waya mwembamba wa faiba. Ndani yake kuna uzi wa kioo. Ukiukunja sana unakatika ama unapoteza mwanga. Na usichungulie ncha yake iliyochomolewa. Mwanga unaopita humo ni wa leza na jicho haliuoni, lakini unaweza kuliumiza.

Je, kama unaishi bedsita na Wi-Fi ni ya ploti nzima, ruta iko kwa korido? Hapo huwezi kuhamisha ruta, lakini unaweza kuhamisha meza. Jaribu upande wa mlango badala ya upande wa dirisha, kisha pima. Tofauti ya mita mbili na ukuta mmoja si kitu kidogo.

Ukitaka kupima kwa undani, kuna programu za bure za Android zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi. Inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Karibu na ruta utaona kitu kama -40. Ikiwa -67 bado unaweza kupiga simu ya video kwa amani. Ikipita -80, huko ni kuvumilia tu. Na si namba ya mchezo: kila ikishuka kwa 10, nguvu iliyobaki ni sehemu moja ya kumi.

Mkiwa majirani ishirini kwa jengo moja

Fungua orodha ya Wi-Fi kwa simu yako. Kama unaishi kwa jengo la fleti, utahesabu majina kumi, ishirini, pengine zaidi. Wote hao wanaongea kwa hewa moja, na kwa gigahezi 2.4 nafasi ni finyu: ni chaneli tatu tu ambazo haziingiliani, yaani 1, 6 na 11.

Ruta huchagua chaneli yenyewe, lakini si kila ruta huchagua kwa busara. Programu ile ile ya kupima mawimbi itakuonyesha majirani wako chaneli gani. Kama wengi wamejaa kwa 6, wewe nenda 1 ama 11. Usichague 3 ama 8 ukidhani umejitenga. Hapo katikati unasumbuliwa na pande zote mbili, na wewe unawasumbua pia.

Kubadilisha, geuza ruta uangalie kibandiko cha chini. Utaona anwani, mara nyingi 192.168.1.1 ama 192.168.0.1, pamoja na jina na nenosiri la kuingilia. Andika hiyo anwani kwa kivinjari cha simu ukiwa kwa Wi-Fi yako, ingia, tafuta sehemu ya Wi-Fi, badilisha chaneli, hifadhi. Wi-Fi itapotea kidogo na kurudi. Kwa gigahezi 5 chaneli ni nyingi na mawimbi hayapenyi kuta sana, kwa hivyo msongamano wa majirani si tatizo kubwa.

Ukiwa huko ndani, funga mlango

Maadamu umeingia kwa ruta, angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Hesabu simu zenu, TV, laptopu. Kuna zingine tatu huzijui? Basi kuna watu mnagawana nao kifurushi bila kuchangiana. Pengine ulimpa mgeni paswadi mwaka jana, naye akampa mwenzake.

Fanya hivi:

- Badilisha nenosiri la Wi-Fi. Liwe refu, lisiwe namba yako ya simu wala jina la mtoto.
- Chagua ulinzi wa WPA2 ama WPA3. Usiache Wi-Fi wazi.
- Badilisha pia nenosiri la kuingilia ruta yenyewe, lile la kwa kibandiko. Hili wengi huliacha.
- Kama ruta ina mtandao wa wageni, uwashe. Wageni watapata intaneti bila kujua nenosiri la nyumba.

Hili la tatu ndilo linatugusa sisi tunaoshughulika na pesa zenu. Mtu akiingia kwa mipangilio ya ruta yako, anaweza kuielekeza ili ukitafuta tovuti ya kweli upelekwe kwa tovuti bandia inayofanana nayo. Unaona ukurasa unaoujua, unaandika siri zako, na zimeenda. Ukurasa wowote unaokuomba PIN yako ya malipo kwa kivinjari ufunge hapo hapo. PIN huandikwa kwa menyu ya laini yako ama ndani ya programu rasmi. Kwingine kote ni mtego, hata kama rangi na nembo zinafanana.

Malipo yakikwama, ni Wi-Fi ama ni laini?

Kuna mambo mawili tofauti, na ukiyajua utajiokoa na kulipa mara mbili.

La kwanza: menyu ya kupiga kwa * na # haitumii intaneti kabisa. Inapita kwa mtandao wa simu, kama SMS. Hata kile kisanduku kinachojitokeza kikikuomba PIN unapolipa dukani ama kwa tovuti kinakuja kwa laini, si kwa Wi-Fi. Kwa hivyo unaweza kuwa na Wi-Fi ya nguvu, lakini kama laini haishiki mahali ulipo, hutaona kisanduku wala ujumbe wa kuthibitisha. Sogea dirishani ama toka nje, ngoja. Kuwasha na kuzima Wi-Fi hakutasaidia.

La pili: programu ya malipo kwa simu inatumia intaneti. Hapa Wi-Fi dhaifu ni hatari kuliko kukosa Wi-Fi. Mfano wa kila siku ni huu: uko kwa geti unamlipa mtu wa boda. Simu bado imeng'ang'ania Wi-Fi ya nyumbani yenye kijiti kimoja. Unabonyeza kutuma, kinazunguka, kinazunguka, halafu kinasema kumetokea tatizo. Ombi linaweza kuwa limefika na pesa imetoka. Jibu ndilo limepotea njiani. Ukibonyeza tena kwa haraka, umelipa mara mbili, na boda tayari yuko kona.

Kanuni ni fupi: kabla ya kurudia, angalia. Fungua ujumbe wako, kisha salio, kisha orodha ya miamala. Kama muamala uko hapo, umeshalipa. Kama haupo, zima Wi-Fi, tumia data ama ile menyu ya * na #, halafu ulipe. Ukiwa mwenye biashara, usimwambie mteja "rudia tu" kabla nyote wawili hamjaangalia.

Ikibidi utoe pesa, anza chini

Umehamisha ruta, umebadilisha chaneli, umefukuza wageni, na chumba cha mwisho bado ni giza. Nyumba zingine ni kubwa ama kuta zake ni nene mno. Sasa unaweza kununua kitu, kwa mpangilio huu:

1. Kebo ya mtandao. Kama TV ama kompyuta haihami, iunganishe kwa waya. Kebo ya aina ya Cat5e inabeba mpaka gigabiti 1 kwa sekunde, haijali ukuta wala jirani. Na kila kifaa kinachotoka kwa Wi-Fi kinaachia vingine nafasi.
2. Ruta ya pili kwa waya. Kama una ruta ya zamani kwa droo, nyingi zinaweza kugeuzwa ziwe kituo cha pili cha Wi-Fi chumbani, zikilishwa na kebo kutoka kwa ile kubwa. Fundi wa mtandao ataipanga kwa muda mfupi.
3. Meshi. Hivi ni vifaa viwili ama vitatu vinavyofanya kazi kama Wi-Fi moja kwa nyumba nzima. Ni vizuri kwa nyumba ya ghorofa, lakini bei iko juu.
4. Ekstenda. Hii ya kuchomeka kwa soketi ni rahisi na ndiyo hununuliwa sana. Jua mambo mawili. Zile za bei ya chini hupokea na kutuma kwa redio moja, kwa hivyo spidi inashuka karibu nusu. Na usiiweke kwa chumba chenye giza, kwa sababu huko haina cha kurudia. Iweke nusu ya njia, mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri.

Ukiona kibandiko cha kubandika kwa simu kinachoahidi kuongeza mawimbi, weka pesa yako mfukoni.

Halafu kuna stima. Ruta haina haja ya jenereta. Betri ndogo ya ruta inaweza kuiweka hewani stima ikipotea. Soma volti na ampea kwa adapta yako kabla ya kununua, nyingi ni volti 12 lakini si zote, na kumbuka kiboksi cha faiba nacho kinahitaji moto. Kwa habari ya tokeni: ruta ya wati 10 ikiwaka usiku na mchana kwa siku 30 inakula yuniti 7.2. Si yenyewe inayomaliza tokeni.

Na kifurushi kikubwa, je?

Kuna wakati ni sahihi kukilipia. Kama karibu na ruta unapata spidi yote uliyolipia, chumbani nako inafika vizuri, na bado mnagombana jioni kwa sababu mko watano, mmoja darasani, mmoja kwa mkutano na watatu kwa video, basi bomba la nje ndilo dogo. Panda bila wasiwasi, kila shilingi itafanya kazi.

Na kama karibu na ruta unapata nusu tu ya ulicholipia, siku kadhaa mfululizo, usipande kifurushi. Piga picha ya skrini ya vipimo vyako, vionyeshe tarehe na saa, upigie kampuni yako. Mteja anayesema "Wi-Fi ni mbovu" huambiwa azime na kuwasha ruta. Mteja anayesema "nalipia 20, nimepima mita mbili kutoka kwa ruta kwa siku tatu, napata 8" huwa mgumu kuzungushwa.

Kwa hivyo siku ya kulipia mwezi ujao ikifika, chukua zile dakika kumi kwanza. Pima sebuleni, pima chumbani, panda kwa kiti uinue ruta kutoka nyuma ya TV, pima tena. Halafu ndiyo uamue ile shilingi 1,000 ya kuongeza inaenda kwa kifurushi ama inabaki kwa akiba yako.